UZI: Shokapu za nyuma za kununua kwa pikipiki ya safari ndefu, vipimo kwanza pesa baadaye

Vernia_Mfukoni

Wakuu, heshima kwenu.

Maswali ya shokapu yamejaa kwenye nyuzi za safari na majibu ni yale yale: "chukua zenye mitungi ya gesi", "chukua ndefu uinue nyuma". Naweka hapa kinachohusu pikipiki za cc 125 hadi 150 zenye shokapu mbili nyuma, Boxer, TVS HLX na ndugu zao, zikiwa zimepakiwa kwa safari: dereva, abiria, mabegi mawili ya pembeni na boksi kwenye keria. Wenye shokapu moja ya katikati, uzi wenu ni mwingine.

Kabla hujafika dukani weka pikipiki kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma lining'inie, kisha pima hivi.

Urefu: kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Usipime mwisho wa chuma hadi mwisho wa chuma, muuzaji hapimi hivyo. Zinazouzwa nyingi ni milimita 320, 340 na 360.

Matundu: kipenyo cha ndani cha bushi ya chuma (kijibomba kilicho ndani ya mpira wa tundu), juu na chini. Mara nyingi ni 10 au 12, na juu si lazima ifanane na chini. Pima pia upana wa bushi hiyo. Angalia kama chini kuna tundu au uma (masikio mawili ya chuma). Shokapu ya tundu haiingii mahali pa uma hata ukimlipa fundi mara mbili.

Nafasi: upande wa cheni na upande wa eksozi. Shokapu za kununua huwa na springi nene kuliko za kiwandani. Ikibaki chini ya milimita 5 kati ya springi na kava la cheni, ikishuka na kuyumba kidogo itagusa.

Sasa springi, maana ndiyo inayobeba mzigo. Mafuta na gesi kazi yao ni kutuliza mdundo, hayabebi abiria. Duka halikuandikii ugumu wa springi, ila unaweza kuujua mwenyewe kwa vernia, kile kipimo cha kubania kinachosoma milimita na sehemu zake:

ugumu = 79,000 × d⁴ ÷ (8 × D³ × n)

d ni unene wa waya, D ni kipenyo cha springi kutoka katikati ya waya hadi katikati ya waya, n ni mizunguko inayofanya kazi. Vyote kwa milimita, jibu ni nyutoni kwa milimita. Gawa kwa 9.8 upate kilo.

Chukua springi mbili zenye D ya 42 na mizunguko 12. Ya waya wa 6.5 inatoa 19.8, yaani kama kilo 2 kwa kila milimita. Ya waya wa 7 inatoa 26.7, kilo 2.7. Nusu milimita ambayo jicho halioni imeongeza ugumu kwa theluthi. Ndiyo maana shokapu mbili za rangi moja, duka moja, bei moja, moja inabeba na nyingine inakaa chini.

Weka mzigo juu yake. Abiria wa kilo 70 na mabegi ya kilo 20 ni kilo 90, karibu zote ziko nyuma. Shokapu mbili za kilo 2 zinazama milimita 22 zaidi. Mbili za kilo 2.7 zinazama 17. Kama rodi, kile chuma kinachoingia ndani ya shokapu, ina safari (nafasi ya kuingia) ya milimita 80, hizo 22 ni zaidi ya robo, na bado hujafika kwenye tuta la kwanza.

---

BintiGereji

Kaka Vernia, umeeleza vizuri, ila watu watakosea sehemu mbili.

D: vernia inakupa kipenyo cha nje. Lazima utoe unene wa waya mmoja. Ukipima 49 nje na waya ni 7, D ni 42. Ukisahau ukaweka 49 kwenye hesabu unapata springi laini kuliko ilivyo, na kosa ni kubwa kwa sababu D inajizidisha mara tatu.

n: usihesabu mizunguko yote. Ule wa juu na ule wa chini umekalia sahani, haufanyi kazi. Springi yenye mizunguko 14 kwa macho, kazini ni kama 12.

Halafu Boxer nyingi zinatoka kiwandani na springi mbili, moja ndani ya nyingine, ile SNS. Mtu akipima ya nje peke yake atasema "ya kiwandani ni laini" akanunua ya ajabu. Zikifanya kazi pamoja, ugumu wake unajumlishwa. Ya ndani ikiwa fupi, inaingia baadaye, baada ya ile ya nje kuzama kiasi. Kwa hiyo kabla ya kuzitupa zile za kiwandani, hakikisha unachonunua kinazizidi kweli. Nyingi zenye rangi hazizizidi.

---

Njia_ya_Marsabit

Boss, asante kwa hesabu. Swali langu ni la urefu. Za kiwandani zimepima 330. Nikiweka 360 si nitapata nafasi zaidi chini ya injini? Huku kuna mawe.

---

Vernia_Mfukoni

@Njia_ya_Marsabit ndugu, nafasi chini ya injini utapata kidogo, kwa sababu unainua nyuma tu. Injini iko katikati, inapanda kama nusu ya kilichopanda nyuma. Ila bei yake ni hii.

Shokapu imelala kidogo, haisimami wima, hivyo milimita 30 za shokapu zinainua nyuma kama 33 hadi 35. Pikipiki hizi zina urefu wa karibu mita 1.3 kutoka ekseli hadi ekseli. 34 kwa 1,300 ni digrii moja na nusu. Uma wa mbele unasimama wima zaidi kwa kiasi hicho, na usukani unakuwa mwepesi. Mjini utaupenda. Kwenye lami ya kilomita 80 kwa saa na upepo wa malori, usukani huohuo unaanza kutapatapa.

Pili, stendi kubwa. Tairi la nyuma halitanyanyuka tena, maana mkono wa nyuma, ule unaoshika tairi, umeshuka. Tatu, stendi ya pembeni inakuwa fupi kwa pikipiki iliyopanda, inalala sana, na ikiwa na mabegi inaweza kwenda chini yenyewe. Nne, taa ya mbele inamulika karibu na tairi. Hiyo ya nne ndiyo nyepesi kurekebisha, legeza bolti za taa uinue.

Tano ni cheni, na hiyo inahitaji maelezo yake.

Kwangu mimi 10 zaidi ya kiwandani ni sawa bila kubadilisha kitu. 15 uwe na sababu. 30 ni pikipiki nyingine.

---

Kaka_wa_Kitonga

Hapo kwenye cheni nisaidie kumalizia, maana ndipo gearboksi zinapokufa.

Mkono wa nyuma ukiwa umening'inia, sproketi ndogo, pini ya mkono na ekseli haviko kwenye mstari mmoja. Mkono ukipanda, vitatu vinanyooka, na hapo ndipo cheni inakaza kuliko wakati wowote. Shokapu ndefu inaanzia mkono chini zaidi, hivyo tofauti kati ya cheni iliyolala na cheni iliyokazika inaongezeka. Ukiikaza kwa kipimo kile cha zamani, ukipita tuta na abiria cheni inanyooka kama waya wa umeme. Inavuta shafti ya sproketi ndogo, sili inaanza kuvuja, beringi inafuata.

Namna ya kupata kipimo kipya: toa shokapu zote mbili. Inua tairi kwa mbao hadi sproketi ndogo, pini na ekseli vikae mstari mmoja, tumia uzi au rula ndefu. Hapo zungusha tairi utafute mahali cheni inapokaza zaidi, maana hakuna cheni inayochakaa sawasawa. Irekebishe ibaki na mchezo wa milimita 5 hadi 10. Funga shokapu, weka pikipiki chini bila mzigo, pima mchezo wa cheni tena katikati ya upande wa chini. Namba utakayoona, labda 30, labda 40, ndiyo namba yako mpya. Iandike chini ya siti kwa rangi.

Angalia pia ule mpira unaolinda mkono pale mbele. Cheni ikishuka zaidi inaulalia. Ukiisha, cheni inakata chuma.

---

Mpya_Barabarani

Wakuu shikamooni. Naomba hatua za kufunga zenyewe, nataka kufanya nyumbani. Spana ninazo, toki spana (ya kupima nguvu ya kukaza) nitaazima.

---

BintiGereji

Marahaba mdogo wangu. Si kazi kubwa, saa moja inatosha kama nati hazijashika kutu.

Mwagia nati mafuta ya kulegeza kutu usiku uliotangulia. Pikipiki kwenye stendi kubwa, sakafu ngumu, tairi la mbele lizuiwe. Legeza nati zote nne nusu zamu kabla hujatoa yoyote. Soketi ya 14 au 17 ndiyo utakayoitumia nyingi.

Kama shokapu mpya ina urefu uleule, toa upande mmoja, funga mpya, kisha hamia upande wa pili. Ile iliyobaki inashikilia mkono wa nyuma mahali pake. Kama urefu ni tofauti, usijaribu hivyo, utapindisha kitu. Weka mbao chini ya tairi, toa zote mbili, halafu shusha au inua tairi kidogo kidogo hadi tundu la chini lijipange lenyewe. Usiligonge kwa nyundo. Bolti ikikataa kuingia ina maana tundu halijajipanga.

Safisha ile pini ya juu kwa msasa, paka grisi nyembamba. Hapa sasa ukae utazame kwa makini. Ndani ya mpira wa shokapu kuna bushi ya chuma. Nati na washa lazima zibane bushi hiyo ya chuma, zisibane mpira. Pitisha kucha: chuma kiwe sawa na mpira au kizidi kidogo. Kama mpira umezidi chuma, ukikaza nati unaubana mpira, shokapu haizunguki tena kwenye pini yake, na kila mkono ukipanda rodi inasukumwa kwa pembeni. Sili inavuja ndani ya wiki chache na mtu analaumu shokapu. Dawa ni bushi ya chuma ndefu kidogo, si kukata mpira.

Na kama bushi mpya ni nyembamba kuliko ya zamani, nafasi iliyobaki ijazwe na washa upande wa nje, shokapu ikae karibu na fremu. Pini ya juu imeshikwa upande mmoja tu. Ukiisogeza shokapu nje kwa milimita 10 unaongeza nguvu ya kuipinda pini, na kwenye matuta ya Mikumi na abiria nyuma, itapinda.

Keria nyingi za kuchomelea zimeshikwa kwenye nati hiyo hiyo ya juu. Kagua kwamba bati la keria limekaa bapa. Likiwa linavutwa kwa nguvu ya nati, litapasuka kwenye wel­di kabla ya safari kuisha.

Nati zikaze kwa mkono kwanza zote. Teremsha pikipiki kwenye matairi, kaa juu, ibonyeze mara tano sita, ndipo ukaze kwa toki. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachotawala. Kama huna, kwa bolti ya M10 ya daraja 8.8 usipite 40 Nm. Nati ya kofia ina kina kifupi: ikigota ndani, toki itakudanganya kwamba imekaza wakati shokapu bado inacheza. Tikisa kwa mkono.

---

Mzee_wa_Toki

Kukaza pikipiki ikiwa chini ni lazima kwa bushi ambazo mpira umegandishwa kwenye chuma. Kwa hizi ndogo mpira mwingi unateleza wenyewe. Haina tofauti.

---

BintiGereji

Mzee wangu, kweli kwa nyingi. Lakini huwezi kujua kwa macho ipi imegandishwa na ipi haijagandishwa, na kuteremsha pikipiki ni dakika moja.

---

Mzee_wa_Toki

Hilo nalikubali.

Niingie kwenye mitungi. Ipo mitungi ya kweli na ipo ya pambo. Ya kweli ina naitrojeni upande mmoja, mafuta upande wa pili, na kati yake pistoni au mpira. Gesi inayabana mafuta yasitoe povu. Barabara ya vumbi iliyojikunja kama bati ndiyo inayotengeneza povu: shokapu inapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, mafuta yanapata moto, yanachanganyika na hewa, na baada ya kilomita kadhaa nyuma inaanza kudunda kama mpira. Ukipumzika nusu saa inarudi. Hiyo ndiyo dalili ya povu, si springi kuchoka.

Kujua kama mtungi ni wa kweli, shokapu itolewe springi kwa kifaa cha kubania, si kwa miguu ya vijana wawili. Simamisha rodi juu ya mizani ya bafuni, isukume ndani polepole. Rodi ya milimita 12 ina eneo la milimita mraba 113. Kwa gesi ya bar 10 itakusukuma kwa nyutoni 113, kilo 11 na nusu kwenye mizani. Ukiachia, inatoka yenyewe taratibu. Ikikaa ndani bila kurudi, hakuna gesi, umenunua pambo au gesi imekimbia. Na ikiwa kuna sehemu inaenda bure bila ukinzani halafu inashika, mafuta ni pungufu.

Msiongeze kwa pampu ya upepo. Hewa ina unyevu na oksijeni, inaharibu mafuta na kuleta kutu ndani. Mafundi wa majokofu na AC wana mitungi ya naitrojeni yenye rigyuleta, hao ndio wa kuwafuata, lakini nafasi ya gesi ndani ya shokapu ni ndogo mno: ukichomoa paipu ya kawaida, sehemu kubwa ya presha inaondoka nayo. Kunahitajika kiungio kinachofunga valvu kwanza. Na msichome wala kutoboa mtungi.

Upande wa kuelekeza: mtungi wenye kitenganishi ndani (ile pistoni au mpira) unaweza kuugeuza juu au chini, mbele au nyuma. Wa pambo haijalishi. Kwa wenye mabegi ya pembeni, mtungi ukielekea nyuma unagongana na fremu ya begi. Bonyeza pikipiki hadi chini kabisa bila springi uone kabla hujaifunga kabisa.

---

Fundi_Kona

Wakuu mnamalizia watu hela bure. Shokapu ikiwa laini, weka kipande cha bomba cha milimita 20 chini ya springi. Inasimama. Nusu saa na buku kadhaa tu.

---

Vernia_Mfukoni

@Fundi_Kona mkuu, tuhesabu basi. Springi ndefu milimita 210 ikiwa huru, mizunguko 14, waya wa 7. Ikibanwa waya kwa waya inabaki 14 × 7 = 98. Ikifungwa kwenye shokapu tayari imebanwa 20, imebaki 190. Safari ya rodi ni 80, hivyo chini kabisa inakuwa 110. Kuna akiba ya 12.

Ongeza bomba lako la 20. Chini kabisa springi inatakiwa iwe 90, lakini haiwezi kupita 98. Chuma kinagonga chuma milimita 8 kabla ya mpira wa chini, ule wa kuzuia kugota, kufanya kazi. Nguvu yote inakwenda kwenye tundu la shokapu na pini ya fremu. Ndiyo zile shokapu zinazokatika shingoni.

Tena bomba halijaongeza ugumu wa springi hata kidogo. Limeinua tu mahali inapoanzia.

---

Fundi_Kona

Weka bomba la 10 basi.

---

Vernia_Mfukoni

La 10 kwenye mfano huo linapita, akiba inabaki 2. Kwa springi nyingine halipiti. Ndiyo maana tunahesabu. 😀

---

Mpya_Barabarani

Sasa zile hatua tano za kukaza springi, niweke ipi?

---

Kaka_wa_Kitonga

Usiulize hatua, pima kuzama.

Tairi likining'inia, pima kutoka ekseli hadi alama ya tepu kwenye fremu juu yake. Hiyo ni A. Teremsha pikipiki tupu, ibonyeze uiachie ipande taratibu, pima. Inyanyue uiachie ishuke taratibu, pima tena. Chukua katikati ya hizo mbili, ni B. Kisha dereva, abiria na mizigo yote, mtu mwingine apime kwa njia hiyohiyo. Ni C.

Kwa tairi lenye safari ya milimita 100: A kutoa B iwe 10 hadi 15. A kutoa C iwe 30 hadi 35. Kama C imezama 45, kaza hatua moja upime tena. Pande zote mbili hatua sawa, daima.

Sasa sikia hapa, watu wengi wanageuza. Umekaza hadi mzigo wote unazama 32, safi. Ukishusha mzigo, pikipiki tupu haizami kabisa, A na B ni sawa. Hiyo haimaanishi springi ni ngumu. Ni laini mno, imebanwa sana ili ibebe. Unahitaji waya mnene zaidi na mkazo mdogo. Kinyume chake, mzigo uko 30 na tupu inazama 20, springi ni ngumu kuliko mzigo wako, nunua laini zaidi au uwe unabeba watu wawili kila siku.

Kabla ya yote hayo, upepo wa tairi. Tairi laini linadanganya kila kipimo hapo juu.

---

Njia_ya_Marsabit

Na ile skrubu iliyo chini ya shokapu, ya kurekebisha kasi ya kurudi juu, yenye mibonyezo?

---

Mzee_wa_Toki

Ifunge hadi mwisho kwa vidole, hesabu mibonyezo ukifungua hadi katikati. Pande zote sawa. Bonyeza nyuma kwa nguvu uachie: ipande mara moja isimame. Ikipanda, ikapita, ikashuka tena, funga bonyezo moja. Ikipanda kwa uvivu, fungua. Uvivu ndio mbaya zaidi kwenye rasta, yale matuta madogo yanayofuatana, maana shokapu haijarudi juu na rasta ya pili imefika, ya tatu imefika, inazidi kukaa chini hadi inagota. Watu wanasema springi imelala, kumbe skrubu imefungwa sana. Kama kugeuza skrubu hakubadilishi chochote, nayo ni pambo.

Funga kebo taii nyembamba kwenye rodi, isukume hadi kwenye sili, uende kilomita 20 na mzigo. Inakuonyesha rodi iliingia hadi wapi. Ikisimama milimita 5 hadi 10 kabla ya mpira wa chini, umepata. Ikiwa imezamia ndani ya mpira kila mara, rudi kwa Kaka wa Kitonga juu hapo.

---

Mpya_Barabarani

Asanteni wakubwa zangu. La mwisho: baada ya kilomita ngapi nikaze nati tena?

---

BintiGereji

Baada ya 100 za kwanza, halafu 500. Paka mstari wa rangi kati ya nati na pini, ukiona mstari umekatika nati imezunguka. Wakati huohuo pitisha kitambaa cheupe kwenye rodi. Unyevunyevu wa mafuta siku za mwanzo ni grisi ya kiwandani, ufute. Unyevunyevu ukitokea tena kesho yake, rudisha shokapu dukani na risiti.